Kaye ya binti na kaye ya kijana



Mwezi huu nilipata barua ya mama mmoja. Jina lake silitaji, na kampi yake pia silitaji, maana kampi ni ndogo na midomo ni mingi. Anaandika kwamba alikuwa anageuza godoro la binti yake ili alianike juani, na chini yake akaona kaye. Alifikiri ni ya masomo. Akafungua, kumbe ni hadithi ya mapendo, ya msichana na kijana, imeandikwa kwa biki, kurasa 30 na kitu, kwa mkono wa binti mwenyewe. Binti ana miaka 17, ni mwimbaji wa korale. Mama anauliza maulizo matatu: Je, mtoto amekwisha kuharibika? Je, nimwambie baba yake? Je, niichome?

Kisha chini ya barua, kama mtu anayekumbuka neno wakati amekwisha kufika mlangoni, ameongeza: kaka yake pia anaandika mashairi ya namna ile, lakini yake ni mchezo wa vijana tu.

Mama, ule mstari wa mwisho njo ulinizuiza kulala. Nitajibu maulizo yako. Lakini kwanza uniache niseme kosa langu mwenyewe, maana mimi si mtu wa kukufundisha jambo hili kama mwenye mikono safi.

Ilikuwa mwaka wa 2009. Nilikuwa nimetoka shule ya Biblia, koti ni moja, na kanisa lilinipa kazi ya kuwa karani wa baraza la wazee. Kwenye sikukuu ya vijana kijana mmoja alisimama mbele ya watu wote akasoma shairi lake. Alimsifu msichana. Alianza na macho, akapita shingo, kisha akashuka. Alipofika kifuani alikaa pale mistari mine, halafu akashuka tena mpaka kiunoni. Wamama walicheka na kufunika midomo. Wazee walipiga makofi. Mzee mmoja akasema kwa sauti: “Huyu mutoto eko na kipaji, atakuwa muhubiri!” Nami nilipiga makofi.

Nyuma ya majuma mawili kaye ya msichana mmoja ililetwa mbele ya baraza. Rafiki yake aliiazima, mama wa rafiki akaiona, akaipeleka kwa shemasi, na shemasi akaileta kwetu imefungwa ndani ya gazeti kama nyama ya soko. Mimi, kwa kuwa ni karani, nilipewa niisome usiku, kesho yake niwaambie wazee ndani kuna nini.

Niliisoma kwa taa ya mafuta, maana umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa hadithi ya msichana anayeuza bitumbula kwenye geti la mgodi. Anampenda mchimbaji mmoja, kijana maskini, anayekula kila asubuhi kwa deni. Msichana anaandika deni lile kwenye karatasi, na kila jioni, kwa siri, anafuta kidogo. Kijana anashangaa: deni lake halikui, na yeye hajalipa kitu. Ukurasa mmoja tu njo ulileta kelele. Msichana anakwenda mtoni kuchota maji, anamwona yule kijana anaoga, anaangalia mgongo wake namna maji yanavyoshusha vumbi jekundu, na haondoki mbio. Kisha ni yeye, msichana, anayesema kwanza: ninakupenda. Ni hilo tu. Hapakuwa kifua wala kiuno.

Niseme kweli, hadithi ilikuwa nzuri. Ile habari ya deni linalofutwa kwa siri, mimi na diploma yangu nisingeiwaza.

Kesho yake wakamwita. Wazee saba, wanaume watupu, na mama mmoja wa kumsindikiza. Ulizo la kwanza halikuwa juu ya hadithi.

“Ni nani alikufanyia hivi bintu?”

“Hakuna, baba. Ni miye nilibifikiri mu kichwa.”

“Muntu hawezi kufikiri mu kichwa kitu hajaona. Ule kijana wa mtoni, jina lake nani?”

“Hana jina, baba. Ni wa hadithi.”

Hawakumsadiki. Baraza likaamua mama yake ampeleke kwenye dispansari, mwuguzi amwangalie kama angali binti. Mimi ndiye niliyeandika ndani ya kitabu cha baraza: Imeamuliwa. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Mwuguzi hakuona kitu, kwa sababu hapakuwa kitu. Kaye ilichomwa nyuma ya kanisa. Msichana aliacha korale, na nyuma ya miezi michache jamaa yao ilihama.

Na yule kijana wa shairi? Hakuna mtu aliyemwuliza kifua kile alikiona wapi. Tena yule wa mtoni hakuwa mtu aliye hai, lakini msichana wa shairi alikuwa hai kabisa. Kampi nzima ilimjua, na mwezi mzima alichekwa kila alipokwenda kuchota maji bombani. Kijana alimvua nguo mbele ya kanisa, nasi tukamwita mshairi. Msichana hakumgusa mtu, tukampeleka kwa mwuguzi.

Tangu siku ile nimefikiri sana, na hivi ninavyoona ni hivi: kijana akiandika mapendo, tunasema amewaza. Binti akiandika mapendo, tunasema amekumbuka. Kijana tunampa akili, binti tunampa ushuhuda tu, tena ushuhuda wa kumhukumu yeye mwenyewe.

Msifikiri ni ugonjwa wa kampi zetu tu. Niwasimulie habari ya nyumba moja ya mchungaji, huko Uingereza, kijiji cha Haworth, mkoa wa Yorkshire. Mchungaji aliitwa Patrick Brontë. Mke wake alikufa mwaka wa 1821 akamwachia watoto sita. Wakubwa wawili walikufa mwaka wa 1825, wakabaki binti watatu, Charlotte, Emily na Anne, na kijana mwanaume mmoja, Branwell. Watoto hawa walitengeneza vitabu vidogo-vidogo kwa mikono yao, vingine vinaingia ndani ya kiganja, maandiko yake madogo kama ya chapa. Ni kaye za chini ya godoro, mama, hakuna tofauti. Lakini tumaini la nyumba liliwekwa juu ya yule mwanaume.

Charlotte alipokuwa na miaka 20, alijipa moyo akatuma mashairi yake kwa Robert Southey, mshairi mwenye cheo kikubwa katika nchi ile. Jibu lilifika mwezi wa tatu mwaka wa 1837. Southey alikubali kwamba binti ana uwezo. Hata hivyo alimwonya kwamba kuandika vitabu hakuwezi kuwa kazi ya maisha ya mwanamke, wala hakupaswi kuwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama wazee wetu saba, akitoa shauri jema kwa mtoto wa mtu.

Mwaka wa 1846 wale dada watatu walichapisha mashairi yao kwa feza yao wenyewe. Majina waliyoweka ni Currer, Ellis na Acton Bell, majina ambayo mtu hawezi kujua ni ya mume au ya mke. Charlotte alieleza sababu baadaye, mwaka wa 1850: walikuwa wameona kwamba mwanamke anayeandika huangaliwa kwa jicho la upande. Katika mwaka wa kwanza viliuzwa vitabu viwili tu. Viwili! Nawaambia hivi ninyi vijana mnaokata tamaa upesi.

Halafu mwaka wa 1847 ukatoka Jane Eyre, kazi ya “Currer Bell”, na kitabu kikasomwa sana. Mimi nilikisoma kwa Kifaransa, kutoka sanduku la vitabu vya zamani, jalada limeliwa na mende. Ni hadithi ya msichana yatima, maskini, asiye na sura ya kuvuta macho, anayefundisha mtoto katika nyumba ya tajiri. Tajiri anamsimulia msichana huyu, bila haya nyingi, habari za mwanamke wake wa zamani wa Paris. Msichana anampenda, na anamwambia machoni kwamba yeye ni maskini na mdogo lakini nafsi yake si ndogo kuliko ya bwana. Siku ya harusi, ndani ya kanisa, inajulikana kwamba yule bwana ana mke aliye hai, amefichwa juu ya nyumba. Basi msichana anakataa kuwa kimada. Anaondoka usiku, karibu bila kitu mkononi. Mimi ningekihubiri kitabu hiki mara tatu.

Lakini watu walibishana juu ya nini? Currer Bell ni mume au ni mke? Mwaka wa 1848 mhakiki mmoja wa gazeti kubwa la London aliandika kwamba, kama aliyeandika ni mwanamke, basi lazima awe mwanamke ambaye, kwa sababu fulani, amepoteza haki ya kukaa pamoja na wanawake wenzake. Unaelewa maana yake? Ni dispansari ile ile. Kitabu kimoja, maneno yale yale. Kikiwa cha mwanaume kina nguvu, kikiwa cha mwanamke mwenye kukiandika ameharibika. Na mhakiki yule alikuwa mwanamke, Elizabeth Rigby. Hili ninalisema kwa ajili ya wamama wanaofikiri ni wanaume peke yao wanaoshika mizani hii.

Mdogo wao Anne, aliyejiita Acton Bell, alijibu maneno ya namna hii katika mwaka ule ule wa 1848, mwanzoni mwa kitabu chake kilipochapishwa mara ya pili. Alisema kwamba kitabu kikiwa kizuri ni kizuri, awe amekiandika mwanaume au mwanamke, na kwamba haoni kwa nini mwanamke akemewe kwa kuandika jambo ambalo kwa mwanaume lingekuwa sawa. Mwaka uliofuata alikufa kwa kifua kikuu, hajafika miaka 30.

Jambo moja zaidi juu ya nyumba ile, na hili linanichoma mimi kama mchungaji. Mzee Brontë hakujua kwamba binti yake ameandika kitabu. Charlotte alimpelekea wakati kilikuwa kimekwisha kusifiwa. Baba alikichukua, akajifungia nacho, akakisoma. Alipotoka kunywa chai aliwaambia wale wengine wawili kwamba Charlotte ameandika kitabu, na ni kizuri kuliko alivyotazamia. Alisoma kwanza. Sisi wazee saba, ni mimi peke yangu niliyesoma, nami nilinyamaza.

Sasa turudi karibu na kwetu. Mama zetu na bibi zetu waliosoma shule za misioni wanakumbuka vitabu vya Delly. Mpaka leo utavikuta vimetandikwa chini mjini, pamoja na magazeti ya zamani. Wengi waliomsoma walifikiri Delly ni mwanamke mmoja. Delly walikuwa watu wawili, dada na kaka, wote wa jamaa ya Petitjean de La Rosière ya Ufaransa. Dada alikufa mwaka wa 1947, kaka mwaka wa 1949, na vitabu vyao vilipita 100. Na yule Max du Veuzit, aliyeandika habari za wasichana na mabwana wakubwa? Wasomaji walisema “bwana Max”. Alikuwa mama, jina lake Alphonsine Vavasseur. Tena huko Marekani, mwaka wa 1976, kulitoka kitabu cha mapendo cha Jennifer Wilde, wanawake wengi sana wakakinunua. Jennifer Wilde alikuwa mwanaume wa Texas, Tom Huff. Basi wale wanaosema “mimi nikisoma najua mara moja, huyu ni mwanamke anaandika”, niwaulize: unajua kwa nini? Kwa maneno, au kwa jina lililo juu ya jalada?

Kuna kitabu kingine, na hiki siwaambii mkisome. Nakitaja kwa sababu ya hukumu yake tu. Kinaitwa Histoire d'O, kilitoka Paris mwaka wa 1954, kitabu cha uasherati wazi, chenye jina Pauline Réage. Watu wengi wenye elimu walisema haiwezekani mwanamke aandike vile, lazima ni mwanaume amejificha. Miaka 40 ilipita. Mwaka wa 1994 mwanamke mmoja mwenye miaka 86, Dominique Aury, aliyefanya kazi katika nyumba kubwa ya vitabu, akakubali: ni mimi. Ndani ya kitabu mwanamke anajitoa kuwa mtumwa, apigwe, agawiwe kama mali, na yote yanaitwa mapendo. Kwa hiyo nasikitika mara mbili. Nasikitika kwamba watu hawakuamini mwanamke anaweza kushika kalamu. Tena nasikitika kwamba, aliposhika kalamu, aliyoandika ni minyororo ya mwanamke mwenzake. Jina la mwandishi halikuponyi na sumu ya hadithi.

Na sisi Waafrika? Mwaka wa 1982, huko Dakar, mama mmoja wa Senegal aliandika maisha yake, pamoja na yale mabaya yaliyompata Ulaya, bila kuficha. Wenye kuchapa waliona maneno ni makali mno kwa mwanamke, wakamtaka aweke jina lingine. Akachagua Ken Bugul, maana yake kwa Kiwolof ni mtu ambaye hakuna anayemtaka. Ndilo jina analojulikana nalo mpaka leo.

Weka upande wa pili profesa wetu Mudimbe, mzaliwa wa Likasi. Mwaka wa 1976 alitoa Le bel immonde, habari ya waziri na msichana wa baa, naye anasema kutoka ndani ya moyo wa yule msichana. Mwaka wa 1989 akaandika tena kama kwamba yeye ni sista, na kaye ya sista huyo ni ya siku za vita vya Kolwezi vya 1978. Sisemi alikosa! Aliandika vizuri, nasi wa Katanga tunajivuna naye. Nasema tu kwamba tulimwamini anaweza kuwaza moyo wa mwanamke wa baa na moyo wa sista wakati yeye si huyu wala si yule. Binti wetu hakuaminiwa kuwaza mgongo wa kijana mmoja mtoni.

Si kwamba nchi yetu haina mfano mwingine. Clémentine Nzuji alichapisha mashairi ya mapendo Kinshasa mwaka wa 1969, kwa jina lake mwenyewe. Walimu mnaosoma ukurasa huu, mlikwisha kuwaonyesha wasichana wenu?

Niseme pia juu ya hadithi zenyewe, maana vijana wanazisoma, zamani kwa vitabu vya Harlequin, leo kwa simu, sehemu ya kwanza mpaka sehemu ya 60. Angalia namna zinavyojengwa. Mwanaume ni daktari, msichana ni mwuguzi. Mwanaume ni patroni, msichana ni karani. Mwanaume amejua wanawake wengi, na jambo hilo linampa utamu. Msichana hajui kitu, na kutojua kwake njo mali yake. Akijua kidogo, basi amekwisha kuwa yule mwanamke mbaya wa hadithi, yule wa kucha ndefu. Tena kuna lililo baya zaidi. Mwaka wa 1972 kulitoka Marekani kitabu cha mama mmoja, Kathleen Woodiwiss, The Flame and the Flower, kikauzwa sana, na kikafungua njia kwa vingine vingi. Mwanzoni mwanaume anamshika msichana kwa nguvu, akifikiri ni malaya. Mwishoni wanapendana. Kijana akisoma hivyo mara 20, mara 30, anajifunza nini? Kwamba “hapana” ya msichana ni mwanzo wa “ndiyo”. Na msichana akisoma anajifunza kwamba mwenye kumwumiza leo atakuwa bwana mwema kesho. Nimeketi na mabinti waliongoja kesho ile miaka kumi.

Hiyo ndiyo hadithi ya kuogopa. Lakini ile mara nyingi tunaiacha ipite, kwa sababu mwanaume anatenda na mwanamke anapokea, nasi tumezoea. Hadithi ya msichana anayeangalia, anayechagua, anayesema kwanza, hata akiwa na nguo zake zote mwilini, hiyo ndiyo inayotusimamisha.

Na ninyi wazee mnaotaka kuniandikia kwamba mambo haya si ya kanisa, fungueni Wimbo Ulio Bora. Someni nani anasema kwanza. Ni mwanamke. Nani anasema mwisho? Ni mwanamke. Na katikati maneno yake ni mengi kuliko ya mwanaume. Anamsifu mpendwa wake kichwa, macho, mikono, miguu. Shuleni tulipewa saa moja tu kwa kitabu kizima, mwalimu akasema ni Kristo na Kanisa, akafunga daftari. Sikatai fundisho lile. Lakini kabla ya kuwa mfano wa kitu kingine, ni sauti ya mwanamke anayependa, nayo iko ndani ya Biblia, haikupelekwa kwa mwuguzi.

Kila mchimbaji anajua mizani ya depo. Mfuko unapimwa nyumbani kilo 50, kwa mnunuzi unakuwa 38. Mithali zinatuambia wazi Mungu anavyoona mizani ya namna mbili. Mimi sisemi tusipime maandiko ya vijana. Tupime! Kuna maandiko yanayouza mwili wa mtu, na hayo nayakataa, ya mume na ya mke. Lakini mizani iwe moja. Ninapopima leo najiuliza: huyu anayependwa ndani ya hadithi, ni mtu, au ni nyama? Kwa ulizo hilo, mwaka ule wa 2009 shairi la kijana lilianguka na kaye ya msichana ilisimama.

Mwaka uliopita nilimkuta yule msichana, katika mji mwingine. Ni mama wa watoto watatu, ana duka dogo la unga na mafuta. Nilimwomba msamaha. Alinisamehe upesi sana, namna watu wanavyomsamehe pasta ili aende zake. Nikamwuliza kama anaandika bado. Akanionyesha kaye juu ya meza: “Naandika madeni ya batu, baba pasta.” Akacheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka.

Sasa mama, maulizo yako.

Kama mtoto ameharibika, mimi sijui, na kaye haiwezi kukuambia. Hadithi si barua. Kama una hofu juu ya maisha yake, zungumza naye juu ya maisha yake, saa nyingine, mkiwa mnachambua mboga wawili tu, bila kaye mkononi. Ukitaka kuzungumza juu ya hadithi, mwulize mambo ya hadithi: kwa nini yule kijana alifanya hivi, kwa nini msichana hakukasirika, mwisho wake ni nini. Utajua mengi kuliko baraza lolote.

Juu ya baba yake: kama ni mtu wa kusoma kwanza na kusema nyuma, mpe asome. Kama ni mtu wa kupiga kwanza, ngoja, na uniite mimi au mama pasta wa kwenu.

Kisha umwite na kaka yake. Mashairi yake pia uyasome, yote. Umwulize msichana anayemsifu ni nani, kama ni mtu aliye hai, na kama msichana huyo amekubali mwili wake usomwe mbele ya marafiki.

Na usiichome. Uirudishe pale ulipoitoa, na umwambie binti kwamba umeiona, asije akasikia kwa mwingine. Kama barua yangu imekukuta umekwisha kuichoma, umwombe msamaha kwa mdomo wako, halafu upite sokoni umnunulie nyingine. Ya kurasa 100 itatosha kwa kuanza.